Kompyuta ya Dan, Jina la Mbuthia

Kama una mtoto ambaye kazi yake yote iko ndani ya kompyuta, na mtu amekuja kuifungua ili airekebishe, muulize kwanza diski imefungwa na nani. Usiulize kama ni nzima. Yetu ilikuwa nzima, na mpaka leo ni nzima. Iko hapa nyumbani, mtaa wa Satellite, Nairobi, kwenye kabati la vyombo, nimeifunga kwa kitambaa cha kochi. Sauti ya mtoto wangu iko ndani yake na hakuna mtu anaweza kuitoa.

Mtoto mwenyewe anaitwa Dan. Ni kitinda mimba, na kazi yake ilikuwa kuuza sauti. Ukitembea River Road utasikia zile spika zilizowekwa milangoni mwa maduka, zinaita watu waingie, maneno yale yale kutoka asubuhi mpaka duka lifungwe. Watu wengi hufikiri kuna mtu amesimama ndani na maikrofoni. Ni rekodi, na nyingi zilikuwa za Dan. Alizirekodi chumbani kwake, godoro limesimamishwa dirishani kuzuia kelele za bodaboda, na mimi nimeambiwa nisikohoe. Alikuwa na sauti ya kuuzia viatu, na nyingine ya dawa ya panya, na ile ya polepole ya kusomea matangazo ya vifo. Kwa simu hakuwa anatuma sauti hata siku moja. Aliandika. Alisema sauti yake ni ya kazi, haitolewi bure. Na simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, hata angetuma isingeingia.

Koo lilianza kukwaruza tukidhani ni vumbi. Hospitalini kule Upper Hill wakasema ni kansa, na kikoromeo chote kitolewe, pale sauti inapotokea. Dan akauliza kama ataongea. Daktari akamwambia ataishi.

Kabla ya kukatwa walimpeleka kwa dada mmoja anaitwa Rumaisa, mtu wa Mombasa, kazi yake ni kufundisha watu waliopoteza sauti namna ya kuongea tena. Huyo ndiye alituambia kuna programu siku hizi. Unaipa sauti yako ya kutosha, safi, isiyo na muziki, inajifunza. Baadaye ukiandika maneno kwenye simu, simu inayasema kwa sauti yako.

"Lakini usiniletee sauti ya matangazo, Dan," Rumaisa akasema. "Hiyo nimeisikia, nzuri, lakini mtu haishi akitangaza. Cheka. Gombana na mama. Omba chumvi. Programu hujifunza kile ilichopewa, basi."

Dan akarudi nyumbani akarekodi. Alirekodi mpaka sauti ilipoanza kukatika, na akatafuta rekodi zake za zamani, za wakati koo lilikuwa zima, akaziweka pamoja. Siku moja aliniingilia jikoni na ile maikrofoni yake yenye sponji.

"Mathe, nikasirishe kidogo."

"Nikukasirishe na nini? Nakata vitunguu."

"Chochote. Nataka kukasirika vizuri."

Nikamuuliza ni kwa nini alimwacha Shiru, msichana mzuri, anaenda kanisa, anajua kupika mukimo. Akaanza kunijibu kwa hasira kabisa, halafu katikati akacheka, akacheka mpaka akashika meza. Hicho kicheko kiko ndani ya hiyo diski. Najua kiko kwa sababu aliniwekea nikakisikia, na mimi niko nyuma nikisema mukimo.

Wakamkata. Akarudi na tundu shingoni na kitambaa juu yake. Kuanzia hapo nyumba ilikuwa kimya. Akitaka kitu aliniandikia ujumbe, yuko sebuleni na mimi niko jikoni, simu yangu inalia, nasoma, naleta. Gerishon, baba yake, yuko Githunguri na ng'ombe, huja mwisho wa mwezi. Kila jioni akimaliza kukamua alikuwa anapiga simu.

"Ameanza kuongea?"

"Bado. Simu ndiyo itaongea."

"Simu gani sasa?"

Nilimweleza kila jioni, na kesho yake aliuliza tena. Sikuona anasahau. Alikuwa anangoja.

Kilichobaki ilikuwa Dan kukata zile rekodi vipande vipande, sentensi kwa sentensi, azitoe kelele, ampelekee Rumaisa. Kazi yenyewe ilikuwa ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa imezeeka.

Hiyo kompyuta wacha niielezee, kwa sababu shida yote iliingilia hapo. Ni zile za mtumba kutoka Uingereza, za ofisi. Dan aliinunua tauni, kule mjini, kwa kibanda cha mtu anaitwa Mbuthia, ndani ya yale majengo ya vibanda vya biashara karibu na River Road. Huwa wanakupa ikiwa tayari. Kila kitu kimewekwa, unaambiwa namba fupi ya kufungulia, unabeba, unaenda. Na kwa kuwa ni muuzaji aliyeitayarisha, jina linaloandikwa kwenye skrini ni lake. Kila asubuhi Dan akiiwasha ilikuwa inamkaribisha Mbuthia. Watu wengi hapa wako hivyo. Jirani yangu Veronicah yake inamkaribisha mtu anaitwa Cyber Two. Hakuna anayebadilisha. Inafungua, inafanya kazi, unabadilisha ya nini? Dan alikuwa akiona hilo jina anasema, "Landilodi ameamka." Tulikuwa tunacheka.

Sasa ilikuwa ikiulizwa kitu inakaa. Unaisikia ndani ikisaga. Dan anangoja, mkono uko kwenye shingo. Ndipo akamwandikia Kibe.

Kibe ni wa ploti ya pili, walisoma pamoja shule ya msingi. Anashughulikia kompyuta za ofisi fulani Westlands, na Jumamosi huwafanyia watu wa huku. Alikuja na begi mgongoni.

"Niaje, Mama Dan. Mgonjwa yuko?"

"Hakuna mgonjwa hapa. Dan yuko ndani."

"Basi mgonjwa ni kompyuta."

Dan akamwandikia kitu, Kibe akasoma kwa sauti: "Ongea pole pole, mimi siwezi kukukatiza." Akacheka, akampiga begani, akatoa diski mpya kwenye begi. Nilidhani ananionyesha chingamu. Ilikuwa nyembamba hivyo, na ndogo hivyo.

"Ile ya zamani inazunguka ndani kama sahani," akasema. "Ndio maana unasikia inalia. Hii haizunguki. Ukiiambia leta, inaleta."

"Basi iweke."

"Si rahisi hivyo, mathe. Hii bodi ni ya kitambo. Ukiwasha, kitu ya kwanza kuamka ni programu ndogo iko kwa hiki kidude cheusi. Hiyo programu iliandikwa kabla diski kama hii zitoke. Inaweza kuiona kama kabati, mahali ya kuweka vitu. Lakini kuamkia hapo, haijui. Sasa mimi naitoa, naiongezea kipande kinachojua hii diski, naiandika tena hapo hapo."

"Ni kama kuflashi simu, kuiwekea programu upya."

"Sasa mathe unataka kuninyang'anya kazi."

"Na ikikataa?"

"Watu wameshafanya kwa bodi kama hii, nimesoma, iko sawa. Shida ni stima tu. Ikipotea nikiwa katikati ya kuandika, bodi inakufa. Haiwaki tena."

Hilo la stima ndilo nililolibeba. Nikanunua tokeni za stima nyingi kuliko kawaida. Nikaenda kwa mpangaji wa nyuma nikamwomba asichomeke hita ya maji ya kuoga. Nikaenda mpaka kwa yule wa kuchomelea vyuma hapo kona, kwa sababu akianza kazi taa zetu zote hupepesa, nikamwambia mtoto wangu anafanyiwa kitu kwenye kompyuta, apumzike kidogo. Akaniuliza kama kompyuta nayo inafanyiwa upasuaji. Nikamwambia ndiyo.

Niliporudi nikauliza, "Na sauti?"

"Hii diski ya zamani tunaitoa kabisa," Kibe akasema, na akaichomoa mbele yangu, akanipa. "Shika wewe mwenyewe. Hakuna mtu anaigusa. Nikimaliza naichomeka, nahamisha kila kitu. Itaenda wapi?"

Dan akakubali kwa kichwa. Na ilieleweka. Diski mpya ilikuwa lazima ifutwe ndiyo iwekwe programu za kuendesha kompyuta, kwa hivyo huwezi kuhifadhi rekodi humo kwanza, kompyuta ya Kibe ilikuwa imejaa kazi za ofisi, na pengine pa kuziweka hapakuwa. Nikatoa kitambaa cha kochi kilichofuliwa, nikaifunga, nikaiweka kwenye kabati kati ya sahani za wageni.

Ukifika hapo na wewe, simama hapo. Omba diski nyingine, hata ya kanisa, hata ya mtu msiyepatana, uhamishe kila kitu kikiwa bado kinafunguka. Kutunza diski si kutunza vilivyo ndani.

Kibe alifungua kompyuta, akatoa kibanio kidogo kama cha kuanikia nguo, chenye nyaya, akakibana kwenye kile kidude cheusi. Upande ule mwingine akaunganisha kwa kompyuta yake. Akaitoa ile programu, akaiongezea kipande chake, akaanza kuiandika tena. Mimi nilikuwa naangalia balbu. Dan alikuwa ananiangalia mimi nikiangalia balbu. Stima haikupotea. Haikupepesa hata kidogo.

Alipomaliza akaiwasha, na kabla ya kitu kingine skrini ikaleta maneno mengi ya Kiingereza, yameandikwa kwa rangi nyeupe. Kibe akayasoma haraka. Ilikuwa inasema kuna mabadiliko yameonekana, je, ifute mambo ya usalama ya zamani ianze upya. Ukubali ama ukatae. Akabonyeza kukubali, kama vile watu wote hubonyeza.

Halafu akaweka zile programu kwenye diski mpya, akazima, akawasha. Ikaamka kabla sijaketi vizuri. Kibe akapiga makofi. Dan akainua mikono yote miwili na mabega yake yakaanza kutikisika, na nikajua anacheka. Hivyo ndivyo anavyocheka siku hizi, kwa mabega. Nikatoka kumwambia wa vyuma aendelee na kazi. Nikaweka sufuria ya chai.

Nikaileta ile diski mwenyewe, nikaifungua kitambaa, Kibe akaichomeka.

Kompyuta ikaiona. Ikaiweka pale kwenye orodha, na alama ya kufuli juu yake. Kibe alipobonyeza, kikatokea kisanduku kinachouliza namba. Nafasi ya namba yenyewe ilikuwa ndefu kupita namba za tokeni mbili za stima ukiziunganisha.

"Hii diski imefungwa," Kibe akasema.

"Na nani?"

"Dan, uliifunga?"

Dan akatikisa kichwa. Akaandika: "Sijawahi."

"Lakini ilikuwa inafunguka kila siku," nikasema. "Jana ilifunguka."

Kibe akatafuta kitu kwenye simu yake, akasoma, akasoma tena. Halafu akageuza kiti, akaniangalia mimi badala ya Dan.

"Ilikuwa imefungwa tangu mlinunua, mathe. Kwa bodi kuna kidude kingine, hicho ndicho kinashika ufunguo. Kila ukiwasha, kinaangalia kama ile programu ya kwanza ni ile ile. Ikiwa ni ile, kinafungua kimya kimya, wewe huoni kitu. Mimi nimebadilisha programu."

"Irudishe ya zamani, si uliitoa kwanza?"

"Ninayo. Lakini kuna ile swali iliuliza, kama ifute mambo ya usalama."

"Ukasema nini?"

"Nikasema ifute."

Akairudisha ya zamani hata hivyo. Akabana tena kile kibanio, akaandika, akatoa ile diski ya chingamu, akarudisha yetu mahali pake kama ilivyokuwa. Tulisimama wote nyuma yake tukingoja lile jina. Mbuthia hakutokea. Kikatokea kile kisanduku cha namba. Kile kidude kilikuwa kimeshasahau ufunguo.

"Huwa kuna ufunguo wa akiba," Kibe akasema. "Unawekwa kwenye akaunti ya mwenye kompyuta, kule kwa mtandao."

"Mwenye ni Dan."

"Lile jina lilikuwa linatokea ni la nani?"

Nje yule wa vyuma alikuwa ameanza tena, na balbu ilikuwa inapepesa. Chai ilikuwa imefurika kwenye jiko. Nikaenda kupanguza.

Sikulia hiyo siku wala iliyofuata. Nilikuwa nafua, naanika, naanua. Dan alilala akiangalia ukuta. Gerishon akapiga, akauliza kama ameanza kuongea, nikasema bado.

Jumatatu nilienda tauni peke yangu. Mahali pa Mbuthia sasa panauzwa nywele. Msichana wa hapo alikuwa amembandika mteja nusu ya kichwa, akaniambia Mbuthia alihama, namba yake mpya iko kwa mlinzi. Mlinzi akanipa. Nikasimama kwenye ngazi nikapiga.

"Hallo. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mama ya Dan, wa Satellite. Ulimuuzia kijana wangu kompyuta."

"Niliuzia watu wengi, mama. Imeharibika? Garantii za zile ziliisha kitambo."

"Haijaharibika."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, ya koo pia, kwa sababu nilidhani akijua ya koo atatafuta kwa bidii. Nilisikia majogoo upande wake.

"Pole sana," akasema. "Wacha nikwambie ukweli, mama. Ile akaunti ilikuwa moja kwa mashine zote, ndio mteja apate ikiwa tayari. Nilipoacha biashara nikaifunga. Watu walikuwa wananipigia kila saa, mara namba ya siri, mara nini. Saa hii nafuga kuku."

"Haiwezi kufunguliwa tena?"

"Kuna mwingine alinipigia kama wewe, tukajaribu. Haiko. Wenye mtandao walishaifuta na kila kitu kilikuwa ndani." Majogoo wakawika tena. "Kijana anaendeleaje lakini?"

"Anakula."

"Basi hiyo ni ya kushukuru."

Nikamwambia asante. Alikuwa mtu mpole. Sina neno naye. Lakini wewe unayesoma hii, leo ukirudi nyumbani angalia kompyuta ya mtoto wako inamkaribisha nani. Kama ni jina la mtu mwingine, usicheke kama sisi. Huyo ndiye anashika ufunguo, na huenda yeye mwenyewe hajui, au ameutupa akienda kufuga kuku.

Nilishuka ngazi nikaelekea steji ya matatu. Watu walikuwa wengi, mikokoteni, mtu amebeba mbao, wengine wanasukumana. Nikasikia Dan.

"Karibu mama, karibu baba, karibu ndani. Blanketi iko, duveti iko, mapazia iko. Kuangalia ni bure, kuuliza ni bure. Mama ingia na mtoto, baba ingia na pochi. Karibu ndani, karibu ndani."

Halafu muziki kidogo, halafu tena: karibu mama.

Niliegemea ukuta wa duka. Nilisikiliza mpaka mwenye duka akatoka. Alikuwa mtu wa pwani, kofia nyeupe, baadaye aliniambia anaitwa Ridhwan.

"Shikamoo, mama. Karibu. Watafuta blanketi?"

"Natafuta huyu anayeongea."

"Huyo ni rekodi, mama. Ni kijana mmoja, Dan, hodari sana. Nilitaka anirekodie nyingine, hii imeshazoeleka, majirani wote walishaweka za watu wengine, lakini simu yangu hapokei. Amekuwa mkubwa sasa, ametusahau."

"Hawezi kupokea. Mimi ni mama yake."

Nikamwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha mkono akazima spika. Nikamwambia aiwashe. Akaiwasha. Tukasimama pale wote wawili na Dan anaita watu, na mama mmoja akaingia kweli na mtoto, akauliza bei ya duveti, Ridhwan akamwambia ngoja kidogo, mama, tafadhali.

Kisha akachomoa ile memori kadi nyuma ya spika, akaifunga kwenye karatasi ya risiti, akaniwekea mkononi.

"Nenda nayo. Mimi nitaita watu kwa mdomo wangu. Mungu amjaalie."

Rumaisa alituona siku iliyofuata. Akaisikiliza na vile vitu vya masikioni, Dan ameketi mbele yake akiangalia vidole vyake.

"Ni fupi," akasema. "Na ina muziki chini. Muziki nitajaribu kuutoa. Lakini Dan, hii ni sauti ya kuuza. Programu haitajua namna nyingine. Nilikwambia itajifunza ilichopewa."

Dan akaandika kwenye simu akamwonyesha. Rumaisa akasoma, akanigeuzia mimi nisome. Ilikuwa imeandikwa: "Ndiyo iliyoko."

Akafanya alivyoweza. Kibe naye bado huja Jumamosi. Mara ya kwanza hakutaka kuingia, alisimama langoni kama mtu wa kuuza kitu, nikamwambia chai inapoa. Mwingine angemfukuza. Mimi naona alifanya kile alichosema atafanya, na kikafanyika. Hujaribu hiki na kile na ile diski, halafu anaifunga tena kitambaa vizuri, kona kwa kona, na mimi naiweka kati ya sahani. Watu wengine wameniambia kuna mahali wanafungua diski kama hizo ukienda. Kibe anasema wanadanganya.

Siku simu ilipoanza kuongea tulikuwa mezani, tunakula githeri. Dan aliandika, akabonyeza, akaiweka mezani tusikie.

"Mama, naomba chumvi."

Ilikuwa ni yeye. Ilikuwa sauti yake kabisa, ile ya zamani, koo likiwa zima. Lakini "naomba" ilivutwa na "chumvi" ikapandishwa juu mwishoni, vile anapandisha "blanketi iko" kule dukani. Na alikuwa ameandika mama, kwa sababu "mathe" haikuwa kwenye ile rekodi na simu ilikuwa inaisema vibaya. Nikampa chumvi. Akaandika tena.

"Asante mama."

Hiyo pia ilikuwa na duka ndani yake. Nilimwangalia mabega. Hayakutikisika. Akachukua kijiko, akaendelea kula, na mimi nikaendelea.

Gerishon alipiga akiwa amemaliza kukamua. Kabla hajauliza nikamwambia ngoja. Nikaweka simu yangu mezani karibu na ya Dan, nikafungua spika yake. Dan alikuwa ameshaandika. Akabonyeza.

"Baba, ni mimi Dan. Ng'ombe wako aje?"

Upande ule nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Mama Dan," Gerishon akasema.

"Niko."

"Uko tauni saa hii? Nasikia Dan hapo nyuma, kwa zile spika zake."

Dan aliinua macho akaniangalia.

"Niko nyumbani," nikasema. "Huyo ni yeye. Yuko hapa mezani, anakuuliza ng'ombe."

Gerishon akakohoa. Akaanza kuongea kwa nguvu na polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayeongea na muuzaji aliye upande ule mwingine wa barabara.

"Dan. Ng'ombe wako sawa. Yule mwekundu amezaa."

Dan akaandika. "Vizuri baba." Ikatoka na ule mvuto wake.

"Nitakuja Jumamosi," Gerishon akasema. "Umesikia? Jumamosi."

Dan akafikiri kidogo, kidole kiko juu ya simu. Aliandika maneno mawili tu.

"Karibu baba."

Hayo yalikuwa kwenye ile rekodi, hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo, na simu haikuwa na kitu cha kuongeza wala kupunguza. Yalitoka kama alivyokuwa akiyasema River Road. Gerishon akasema sawa, akakata. Nikasimama nikaondoa vyombo.